Wanatulia juu ya farasi, kisha hawataki kurudi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mratibu wa kituo cha tiba kwa kupanda farasi. Wanaokuja kwetu wengi ni watoto: wenye usonji, wenye mtindio wa ubongo, na wachache waliopitia mambo mazito nyumbani wakaletwa na washauri wao. Nilipokabidhiwa kazi hii niliambiwa kila kitu kiko salama, na kwa macho ni kweli. Helmeti zinakaguliwa, jukwaa la kupandia lina reli, na kila mtoto anazungukwa na watu watatu: mmoja anaongoza farasi kwa kamba, wawili wanatembea ubavuni. Kitabu cha ajali hakina hata mstari mmoja.

Kinachoninyima usingizi ni mvulana mmoja wa miaka tisa. Haongei. Kwa miezi mingi alikuwa akifika anarukaruka kwa furaha. Siku hizi gari likisimama langoni anang'ang'ania mkanda wa kiti na hashuki. Mama yake aliniuliza kimetokea nini, nami sikuwa na jibu mpaka binti mmoja wa kujitolea alipokuja kuaga. Akiwa anarudisha fulana ya kituo, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mtoto alipoanza kulia pale jukwaani, mwalimu alisema, "Mpandisheni tu, akishakaa atanyamaza." Wakambeba. Akanyamaza kweli, na watu wakapiga makofi. Binti akasema: "Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika paja. Paja lote lilikuwa limekakamaa. Nilitaka kusema, nikaogopa."

Tangu hapo nimeanza kuona mengine. Vijana wa kujitolea wanaondoka bila kutoa sababu. Tuna farasi jike wa kijivu ambaye akikazwa mkanda wa tandiko analaza masikio na kutaka kuuma, na naambiwa ana tabia mbaya tu. Mwalimu mwenyewe ni mtu mzima kwangu, amewazoea farasi tangu ujana wake, na bila yeye kituo hakiendi. Anafokea watu uwanjani, lakini hana nia mbaya.

Nimepaka rangi upya chumba cha kungojea, nimeweka viti laini na kibao kinachosema "Hapa uko salama." Nimewasihi watu wote waongee kwa upole. Hakuna kilichobadilika. Nifanye nini ili watu wajisikie salama moyoni, si mwilini tu? Na huyu mwalimu namwanzaje?

Mratibu Mwenye Roho Juu

*

Marahaba, mwanangu.

Anza na kile kibao. Kiondoe, angalau kwa sasa. Mtoto hawezi kuambiwa kwamba yuko salama. Anapima mwenyewe, na kipimo chake hakidanganyiki. Nami nakupa kipimo hichohicho ukitumie: hapo kwenu mtu akisema hapana, kinatokea nini ndani ya dakika moja inayofuata?

Mvulana alisema hapana kwa kulia, akabebwa. Yule farasi wa kijivu anasema hapana kwa masikio na meno, anaambiwa hana adabu. Binti alikuwa na hapana yake tayari mdomoni, akaimeza, akaja kuitoa siku ya kurudisha fulana. Hizo ni hapana tatu na hakuna hata moja iliyofanya kazi. Ndiyo maana rangi na viti havikusaidia. Usalama wa moyo katika kituo kama chenu unajengwa na jambo moja gumu kuliko vyote hivyo: kila aliyemo, mwenye miguu miwili au minne, ajue kwamba akisema basi, kuna mtu atasimama.

Sasa tumrudie mtoto, maana ndiye wa haraka.

Wale waliopiga makofi waliona mtoto aliyetulia. Binti aliyekuwa amemshika paja alijua habari nyingine, na ni yeye aliyekuwa sahihi. Mwili ukiona hauna pa kukimbilia wala nguvu za kupambana, huganda, na mtoto aliyeganda hapigi kelele. Kwa mbali anafanana sana na mtoto mwenye amani. Tofauti unaiona ukimkaribia. Aliyetulia kweli anapumua hadi tumboni, mabega yameshuka, macho yanatembea, vidole vinachezea manyoya ya farasi. Aliyeganda anapumua kifuani juu juu, macho yameshikwa na kitu kimoja au hayashikwi na chochote, vidole vya mikono vimefumba na vya miguu vimekunjwa ndani ya viatu. Wafundishe wasindikizaji wako dalili hizi kabla ya kuwafundisha jambo lingine lolote, kwa sababu mikono yao iko mwilini mwa mtoto na wanajua kabla ya mwalimu aliye katikati ya uwanja.

Tena kuna hasara ya kitaalamu hapo ambayo mwalimu wako ataielewa upesi. Faida kubwa ya mwendo wa farasi ni kwamba hatua zake zinakitikisa kiuno cha aliyempanda mbele na nyuma, kushoto na kulia, na kukizungusha kidogo, karibu sawa na kiuno cha mtu anayetembea kwa miguu yake. Ndiyo sababu wataalamu wa fiziotherapia wakautumia. Lakini kiuno kilichokakamaa hakipokei mwendo huo, kinaugomea. Kwa hiyo siku ile mtoto alipandishwa kwa nguvu ili apate tiba, na hata hiyo tiba hakuipata.

Usimrudishe juu ya farasi kwanza. Mwambie mama yake amlete bila viatu vya kupandia na bila helmeti, na kwamba siku hiyo hakuna atakayepanda. Akikaa ndani ya gari muda wote, sawa, mtu mmoja anayemfahamu aende kumsalimu hapohapo na kuondoka. Kama atashuka, aangalie akiwa nje ya uzio, na mama asimame mahali anapoonekana. Farasi awe yuleyule aliyemzoea, watu wawe walewale, saa iwe ileile, na muda mliosema ndio muda wa mwisho, msiongeze hata dakika kwa sababu mambo yanakwenda vizuri. (Hapo ndipo vituo vingi huharibu. Mtoto anafurahi, watu wazima wanakuwa na tamaa.) Mtengenezee ratiba ya picha: lango, brashi, farasi, kwaheri. Picha ya kupanda isiwepo mpaka yeye mwenyewe aonyeshe jukwaa, au helmeti, au akuvute mkono kuelekea huko.

Siku akikubali kupanda, zoezi la kwanza liwe kusimamisha. Kwa kuwa haongei, chagueni pamoja ishara moja: kiganja wazi, au kadi nyekundu iliyofungwa sehemu ya mbele ya tandiko. Akiitoa, farasi anasimama ndani ya hatua mbili, bila swali, bila "subiri tufike pale." Ataitoa mara nyingi kupita kiasi, nakuahidi. Atasimamisha, atacheka, atasimamisha tena. Mwongoza farasi atachoka na mwalimu ataona muda unapotea. Acheni upotee. Mtoto anajaribu kama ishara yake bado ina nguvu, na akisharidhika ataiacha mwenyewe na kuanza kupanda.

Hapa lazima niweke mpaka, nisije nikasomwa vibaya. Yako mambo ambayo hapana haiyageuzi. Bila helmeti hakuna kupanda. Kupita nyuma ya farasi kiholela hairuhusiwi, hata kwa anayelilia kupita. Farasi ana macho ya pembeni na anaona karibu pande zote, lakini moja kwa moja nyuma yake na mbele kabisa ya paji lake haoni, na anayejitokeza humo humshtua. Na ikitokea dharura, msindikizaji atamvuta mtoto kutoka juu ya farasi bila kuomba ruhusa. Lakini haya yote yanaweza kusemwa mapema. Dharura ifanyiwe mazoezi siku ya raha, farasi akiwa amesimama: "Ukisikia neno hili, nitakukumbatia kiunoni na kukushusha upande huu." Na anayekataa helmeti asirudishwe nyumbani kama aliyefukuzwa, leo atapiga brashi, au ataongoza farasi akiwa chini. Kukataa jambo moja kusimpotezee mengine yote.

Sasa mikono. Nataka nikae hapa kidogo kwa sababu ndipo heshima inapopotelea bila mtu kukusudia. Pale jukwaani mtoto yuko katika hali dhaifu kuliko saa nyingine yoyote: anainuliwa, anashikwa nyonga, miguu inavushwa mgongo wa farasi, wakati mwingine nguo zinapanda. Mtu mmoja ndiye azungumze, na aseme atakachofanya kabla hajakifanya. "Nitashika goti lako la kulia. Tayari?" Kisha angoje jibu, hata kama ni kukonyeza jicho. Njiani, msindikizaji anayelaza mkono juu ya paja akumbuke kwamba mkono ukichoka huwa mzito, na mtoto aliyewahi kushikwa vibaya na mtu mzima anausikia uzito huo kwa namna ambayo hawezi kukueleza. Mkichoka, farasi asimamishwe, mbadilishane pande mmoja mmoja, mtoto asibaki bila mtu upande wowote. Kwa baadhi ya watoto kushika kifundo cha mguu kunatosha, na wengine wanahitaji tu kujua uko hapo. Waulize tena kila baada ya muda, maana wanabadilika.

Halafu kuna lile la kuongea juu ya kichwa cha mtoto. Wasindikizaji wawili, mmoja kulia na mwingine kushoto, wanapiga soga za mambo yao wakipitishia maneno mgongoni kwa farasi, na katikati yao amekaa mtu. Mbaya zaidi, wakati mwingine soga ni juu yake: "Huyu leo kachoka." Anasikia. Asiyeongea ndiye anayesikia zaidi. Iwe sheria: juu ya farasi kuna mazungumzo ya aliyepanda tu, na akitaka kimya, kuna kimya. Maelekezo yatoke kwa mwalimu peke yake. Msindikizaji mmoja arudie pale tu inapobidi, na baada ya kumpa mtoto muda wa kutosha kuyachakata. Sauti tatu zikimwambia "inua kichwa" kwa pamoja hakuna atakayoitii. Habari za maradhi na historia ya mtoto zibaki kwenye faili, zisifike kwenye mabanda.

Wanaofuatilia historia ya tiba hii humtaja sana Lis Hartel wa Denmark. Polio ilimpata mwaka 1944, ikamwacha bila nguvu chini ya magoti, na mwaka 1952 huko Helsinki akashinda medali ya fedha ya Olimpiki katika mashindano ya kumwongoza farasi kwa ustadi. Alihitaji kusaidiwa kupanda na kushuka. Watu humtaja kama mfano wa ujasiri, na ni haki yake, ila mimi navutiwa na jambo dogo zaidi: alisaidiwa hadi kwenye tandiko, na baada ya hapo maamuzi yakawa yake. Hata kwa mtoto anayeweza kuchagua kitu kimoja tu, kushoto au kulia, mpeni hicho kimoja kwa ukamilifu.

Tuje kwa binti. Umempoteza, na mpigie simu umshukuru, kwa sababu amekupa habari ambayo kitabu chako cha ajali kisingekupa hata siku moja. Kitabu kitupu kisikufurahishe. Miaka ya 1990 mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alichunguza makosa ya dawa katika wodi za hospitali, akitarajia kwamba wodi zenye timu nzuri zingekuwa na makosa machache. Hesabu zikaja kinyume: timu nzuri ndizo zilizoandikisha makosa mengi. Alichokuja kukigundua ni kwamba hawakuwa wanakosea zaidi, walikuwa hawaogopi kusema. Kwenye wodi zenye viongozi wakali makosa yalikuwepo, yamefichwa.

Kwako maana yake ni hii: baada ya kila kipindi, watu waliozunguka farasi mmoja wasimame dakika tano kabla ya kumvua tandiko, na swali liwe, "Ni wapi leo ulisita?" Aliye mgeni kuliko wote aanze, mwalimu awe wa mwisho. Kwa majuma ya mwanzo watakuambia "hakuna." Endelea kuuliza. Siku mtu atakaposema "mimi nilisita pale jukwaani," usimsahihishe, usimweleze kwa nini ilibidi. Andika, na kesho yake badilisha kitu kimoja kwa sababu ya maneno yake, wote waone. Pia kila anayeshika mtoto awe na mamlaka ya kusema "simama" na farasi akasimama papo hapo, hata kama aliyesema ana siku mbili tu kituoni. Maswali baadaye.

Farasi wa kijivu. Kabla ya kumwita mtovu wa adabu, mwite daktari wa mifugo. Farasi anayelaza masikio na kutishia kuuma akikazwa mkanda mara nyingi ana kitu kinachomuuma: vidonda vya tumbo, mgongo, tandiko lisilomkaa, ngozi iliyochubuka chini ya mkanda. Mpumzishe, asibebe watoto, mpaka ijulikane. Na usiishie kumtazama yeye tu. Kwa kawaida kituo huhofia farasi anayelalamika na kumsifu yule ambaye hata ukimfanya nini hashtuki. Huyo wa pili mchunguze pia. Wako wapole kwa asili, na wako waliochoka kusema. Jicho limefifia, halifuati mtu, haji kunusa mkono, anabaki amesimama hapohapo ulipomwacha. Farasi wa namna hiyo anaweza kunyamaza mwaka mzima, kisha siku moja akalipuka, na watu wakasema hakukuwa na dalili.

Na wao wanatusoma kuliko tunavyodhani. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walichapisha jaribio walilowaonyesha farasi picha za nyuso za watu. Mbele ya uso wenye hasira farasi waligeuza kichwa kuutazama zaidi kwa jicho la kushoto, na mioyo yao ikaenda mbio upesi zaidi. Hiyo ilikuwa picha tu, ya mtu wasiyemjua. Sasa fikiria mwalimu anayefoka uwanjani kutwa nzima. Mtoto anasikia ukali kwa masikio yake, kisha anausikia tena ukipanda kutoka mgongo wa farasi uliokaza chini yake.

Ndiyo tumefika kwa mwalimu, uliyemwacha mwisho wa barua kama ulivyomwacha mwisho kazini.

Usimwite mbele ya wenzake, wala usimwandikie. Mfuate mabandani, asubuhi, kabla watu hawajaja, na umkute akiwa na farasi, hapo ndipo anapokuwa laini. Usiseme "unafokea watu". Atakujibu kwamba uwanja ni mkubwa na sauti lazima ifike, na atakuwa na haki kiasi. Mwanzie kwenye ujuzi wake. Muulize: farasi mgeni akigoma kuingia kwenye gari la kumsafirisha, wewe unafanyaje? Mtu aliyekaa na farasi umri wote huo atakuambia hamlazimishi, kwa sababu ukimwingiza leo kwa nguvu kesho hutampata tena. Atakueleza anavyongoja, anavyolegeza kamba mnyama akipiga hatua moja, anavyomruhusu arudi nyuma akaangalie. Msikilize mpaka amalize. Kisha mwambie habari za mvulana, tukio lile moja tu, kwa ukweli wake wote pamoja na paja lililokakamaa, na umwambie sasa hashuki garini.

Wengi hunyamaza hapo. Mpe nafasi anyamaze. Asipoona uhusiano wowote, usibishane naye: mwekee mpaka ulio ndani ya madaraka yako. Hakuna mtoto anayepandishwa akiwa analia, na watoto wasioongea watafundishwa na mwalimu mwingine mpaka yeye atakapokaa vipindi kadhaa pembeni kuwatazama kwa jicho lile analowatazamia farasi. Umesema bila yeye kituo hakiendi. Chunguza kama ni kweli, maana vijana wanaoondoka kimyakimya nao ni kituo.

Lakini kabla ya yeye, mama. Yeye ameuliza na hajajibiwa. Mweleze ana kwa ana kilichotokea, usikipambe, usimwambie mtoto alitulia. Mwambie mmekosea na nini kimebadilika tayari, si kitakachobadilika. Akiamua kutomleta tena, pokea, na mwachie mlango wazi. Hiyo nayo ni hapana.

Shangazi